Mjomba, daktari huyu alisoma nini?

Msomaji mpendwa, hebu nianze kwa kukuuliza swali. Mtoto wako akikujia jioni moja, wewe umekalia kigoda chako unakunywa chai, akakwambia anataka kuwa daktari wa kunyoosha meno, utamjibu nini? Tafadhali usijibu haraka. Mimi nilijibu haraka, na jibu langu hilo linanichoma moyo hadi leo.

Kwetu ni Majengo, mjini Embu. Mwenye kuujua mtaa huu anajua kwamba ukiingia alfajiri utaisikia adhana, kisha utanusa mahamri kabla hujamwona anayeyakaanga. Dada yangu ni mmoja wa akina mama hao wa mahamri na mbaazi. Ana binti mmoja, mpwa wangu, ambaye wakati wa kisa hiki alikuwa gredi ya 9. Ni mtoto mwerevu na mwenye adabu, na mikono yake ni mahiri, kiasi cha kuitwa kwenye harusi za mtaa kuwachora maharusi hina. Lakini mtoto huyu hakuwa akicheka. Ukimchekesha, alikuwa akiivuta ncha ya mtandio wake na kuuziba mdomo. Meno yake ya mbele ya juu yametokeza nje, nayo ya chini yamesongamana kama abiria wa matatu ya jioni.

Shuleni walimpa jina. Sitaliandika hapa, kwa maana jina la kumuumiza mtoto likishachapishwa gazetini huzaa majina mengine. Na sisi watu wazima tulifanya nini? Hatukufanya lolote. Mama yetu, yaani nyanya yake, ana mwanya ambao ulimpa sifa nyingi ujanani, na msimamo wake ulikuwa kwamba meno ni maumbile, kila mtu ashukuru alichopewa. Nami niliona ni jambo dogo. Niliamini meno hutibiwa yakiuma, na yasipouma hayana neno.

Siku moja gego lilimuuma usiku kucha. Dada akampeleka hospitali, na daktari wa meno, baada ya kulishughulikia gego, akayatazama meno ya mbele na kusema kwamba yuko daktari mwingine ambaye kazi yake ni kuyarudisha meno kama haya mahali pake na kuyafanya ya juu na ya chini yakutane sawasawa. Kwa jina la kitaalamu anaitwa othodontisti. Akatuandikia barua tumwone Nairobi. Kwa kuwa mimi ndimi ninayezijua njia za jiji, nikatwikwa kazi ya kuwapeleka.

Daktari huyo alimpokea mtoto kwa upole. Alimpima taya, akampiga picha za eksirei, akatueleza kila kitu kwa Kiswahili chepesi. Kisha akataja gharama. Msomaji, sikufichi, ilizidi shilingi laki moja, ingawa ingeweza kulipwa kidogo kidogo kwa muda wote wa matibabu. Dada alinitazama, nami nikautazama ukuta. Tulishukuru, tukaaga, tukaenda kupanda matatu ya kurudi Embu.

Tulipofika Mwea, pale mashamba ya mpunga yanapotandaza kijani chake pande zote mbili za barabara, nilidhani mtoto analia. Kumbe alikuwa akiwaza. Akanigeukia akaniuliza, "Mjomba, daktari huyu alisoma nini?"

Nikamwambia sijui, ila ni masomo marefu. Akasema, "Nataka kusoma hayo." Nami, mjomba mtu, mwandishi wa gazeti ambaye kazi yangu ni kuwaelimisha watu, nikacheka! Nikamwambia, "Hiyo ni kazi ya watoto wa Nairobi. Wewe fomu ya shule ikija, chagua Sayansi ya Jamii. Ni masomo mepesi." Hakunijibu. Aliuvuta mtandio wake mdomoni, akageukia dirishani mpaka tukafika Embu.

Usiku ule usingizi ulinipaa, kwa sababu maneno niliyomwambia hayakuwa yangu. Niliambiwa mimi kwanza. Nilipokuwa kidato cha pili nilikuwa na ndoto ya kuwa mfamasia. Mzee mmoja wa ukoo wetu, Mungu amrehemu, aliniambia kemia ni somo la wana wa matajiri. Nikamwamini. Nililifunga daftari la kemia moyoni kabla ya kulifunga mezani, na matokeo ya mtihani wa kidato cha nne yakanilipa nilichopanda. Baadaye nilisomea diploma ya uandishi wa habari, na kazi hii naipenda kwa dhati. Lakini kupenda chumba ulichomo si sawa na kuambiwa kwamba milango mingine ilikuwa wazi. Sasa nilikuwa nimemfungia mtoto wa dada yangu mlango ule ule niliofungiwa mimi.

Basi nilifanya nilichopaswa kufanya kabla ya kufungua kinywa. Nilikwenda kuuliza, nikasoma, nikahesabu miaka kwa vidole. Niliyoyapata nakuletea nawe, kwa sababu huenda nyumbani mwako yumo mtoto anayeuliza swali kama hilo.

Kwanza ujue kazi yenyewe ni nini. Wengi hufikiri kunyoosha meno ni kuyafunga waya na kuyavuta, kama fundi anayenyoosha ua. Sivyo. Jino halikushindiliwa mfupani kama msumari ukutani. Limekaa ndani ya tundu la mfupa wa taya, limeshikwa na nyuzi laini. Likisukumwa kwa nguvu ndogo ya kudumu, mfupa wa upande linakoelekea huliwa na chembe maalumu za mwili, na upande linakotoka huota mfupa mpya. Mwendo wake ni wa konokono, yapata milimita 1 kwa mwezi. Ndiyo maana matibabu huchukua mwaka mmoja na nusu, miaka 2, au hata zaidi, na baada ya nyaya kutolewa mgonjwa huvaa kifaa cha kuyazuia meno yasirudi yalikotoka. Nguvu ikizidi, mzizi wa jino huweza kuharibika.

Kazi yenyewe ina historia. Celsus, mwandishi wa tiba wa Roma ya kale, alishauri jino jipya lililoota vibaya lisukumwe kila siku kwa kidole. Mwaka 1728, Mfaransa Pierre Fauchard alichapisha kitabu cha udaktari wa meno kilichoeleza kifaa cha kuyapanga. Lakini shule ya kwanza ya fani hii peke yake ilianzishwa na Mmarekani Edward Angle mjini St. Louis mwaka 1900. Kwa hiyo, kama fani inayosomewa shuleni, ina umri wa zaidi kidogo ya karne moja.

Sasa tuje kwenye safari yenyewe, ngazi kwa ngazi.

Ngazi ya kwanza iko shuleni, na iko karibu kuliko unavyodhani. Katika mfumo wa 8-4-4, aliyetaka kusomea udaktari wa meno alihitaji alama za juu katika baiolojia, kemia, hisabati au fizikia, na Kiingereza au Kiswahili. Naam, Kiswahili hiki hiki! Mtaala mpya umeileta njia panda mapema zaidi. Darasa la kwanza la mtaala huo lilifanya mtihani wa gredi ya 9 mwaka 2025 na kuingia gredi ya 10 Januari 2026, ambako kila mwanafunzi hufuata njia moja kati ya tatu. Kuna Sayansi, Teknolojia, Uhandisi na Hisabati. Kuna Sayansi ya Jamii. Na kuna Sanaa na Spoti. Mpwa wangu alikuwa wa darasa hilo hilo la kwanza. Anayeota udaktari afuate njia ya sayansi, na baiolojia na kemia asiziache.

Na masomo hayo hayakuwekwa hapo ili kuwatesa watoto. Baiolojia itakufundisha mfupa unavyoliwa na kuota. Fizikia itakufundisha nguvu, maana kulisukuma jino juu kidogo au chini kidogo kunaweza kuliinamisha badala ya kulisogeza. Kemia itakueleza kwa nini waya wa nikeli na titani ukikunjwa hurudia umbo lake na kuendelea kulivuta jino polepole. Hisabati ndiyo hupima pembe za taya kwenye picha ya eksirei.

Ngazi ya pili ni chuo kikuu. Hakuna njia ya kuwa daktari wa kunyoosha meno bila kuwa daktari wa meno kwanza. Shahada ya kwanza ya upasuaji wa meno ni miaka 5. Chuo Kikuu cha Nairobi kilianza kuwafunza madaktari wa meno mwaka 1974, na baadaye Chuo Kikuu cha Moi, Eldoret, nacho kikaanza. Miaka ya mwanzo mwanafunzi hujifunza mwili mzima, si kinywa tu, na hupasua maiti ili aijue mishipa na mifupa ilivyo. Kisha hufanya mazoezi kwenye vichwa vya bandia kabla ya kuruhusiwa, chini ya jicho la mwalimu, kumgusa mgonjwa. Hapo ndipo mikono ya kuchora hina inapopata thamani yake, kwa sababu kazi ya meno ni ya mikono kama ilivyo ya akili.

Ngazi ya tatu ni mwaka 1 wa uanagenzi hospitalini. Usidhani ni mteremko. Kenya imewahi kushuhudia wahitimu wakingoja kupangiwa vituo, na mwaka 2024 madaktari waligoma kwa siku 56, malipo ya wanagenzi yakiwa miongoni mwa mambo waliyogombania. Mwambie mtoto wako ukweli huu mapema, asije akaugundua akiwa amevaa koti jeupe bila nauli mfukoni. Uanagenzi ukiisha, mtu huandikishwa na Baraza la Madaktari na Madaktari wa Meno, na hapo anaweza kutibu.

Ngazi ya nne ndiyo inayompa jina. Ni shahada ya uzamili ya kunyoosha meno, ambayo kwa kawaida ni miaka 3, na mahali pengine, kama Afrika Kusini, ni miaka 4. Vyuo vingi hutaka mwombaji awe kwanza amefanya kazi ya udaktari wa meno, aghalabu miaka 2. Wengi wa wataalamu wetu walivuka mipaka kuifuata elimu hii, wengine Afrika Kusini, wengine Uingereza, wengine India. Akirudi, ni lazima Baraza limtambue kuwa mtaalamu kabla ya kujiita hivyo.

Jumlisha sasa. Miaka 3 ya sekondari pevu, miaka 5 ya chuo, mwaka 1 wa uanagenzi, miaka 2 ya kazi, miaka 3 ya uzamili. Hiyo ni miaka 14 tangu gredi ya 9, nayo huwa 15 kwa anayesomea panapotakiwa 4. Wala si Kenya tu. Marekani mtu husoma chuo miaka 4, udaktari wa meno miaka 4, kisha miaka 2 au 3 ya kunyoosha.

Niliyaandika haya yote kwenye karatasi nikaenda nayo Majengo siku ya Jumapili. Dada alipoiona hesabu, alikiweka chini kijiko cha mbaazi. "Miaka 14, kaka! Mtoto atakuwa na karibu miaka 30. Nani atamlisha? Mahamri haya?"

Ni swali la haki, msomaji, na mzazi anayeliuliza asidharauliwe. Kwa mzazi wa mtaani, miaka 14 ni milima minne iliyopangwa mmoja nyuma ya mwingine. Lakini hebu tazama karatasi ile tena kama nilivyomwonyesha dada. Ngazi hizi si kama daraja, ambalo likikatika katikati unatumbukia mtoni. Kila moja ina sakafu yake. Anayemaliza miaka 5 na uanagenzi ni daktari wa meno, ana kazi ya kumlisha yeye na mama yake. Uzamili anaweza kuufuata akiwa na mshahara. Aliyekosa alama za chuo kikuu ana Chuo cha Mafunzo ya Matibabu cha Kenya, kinachotoa diploma ya miaka 3 kwa maafisa wa afya ya kinywa, na nyingine kwa mafundi wanaotengeneza meno ya bandia na vifaa vya kinywani. Hao nao ni watu muhimu, na bila fundi yule daktari hana kifaa. Kwa upande wa karo, Bodi ya Mikopo ya Elimu ya Juu imekuwa ikiwakopesha wanafunzi tangu miaka ya 1990, na mkopo wake hulipwa baada ya masomo.

Kwa hiyo swali la kumwuliza mtoto wa miaka 15 si kama ataweza kuvumilia miaka 14. Hakuna mtoto anayeweza kulijibu hilo, na mimi mtu mzima siliwezi. Swali ni kama yuko tayari kwa ngazi moja iliyo mbele yake, yaani miaka 3 ya kuishika kemia asiiachilie. Akiikosa ngazi hiyo, hizo nyingine zote atakuwa akiziangalia kwa mbali, kama ninavyoiangalia mimi famasia.

Dada hakusema kitu kwa muda. Kisha akatoboa siri iliyonisimamisha nywele. Wiki ile ile kijana mmoja alimfuata sokoni akamwambia anaweza kumfunga binti yake nyaya kwa shilingi elfu chache, nyumbani, bila eksirei wala maswali mengi. Fedha alikuwa ameshaanza kuziweka kando.

Mzazi mwenzangu, hapa nakusihi. Mtu asiyejua mfupa hawezi kulisukuma jino. Nyaya zikifungwa ovyo huweza kulegeza meno, kuumiza ufizi na kumwachia mtoto pengo ambalo hakuna mtandio wa kuliziba. Orodha ya madaktari walioandikishwa na Baraza iko wazi kwa umma. Mtu akikataa kukutajia jina lake na nambari yake ya usajili, chukua mkono wa mwanao mwondoke. Miaka 14 niliyoihesabu ndiyo inayomtenganisha daktari na mtu mwenye koleo tu.

Yako na mengine ambayo mzazi anaweza kuyafanya bila kungoja laki. Katika sehemu nyingi za Afrika Mashariki, mtoto mchanga akiharisha au akipata homa, hutafutwa mtu wa kumng'oa kile kinachoitwa meno ya plastiki au ya nailoni. Hayo si meno ya ugonjwa. Ni vichipukizi vya meno halisi ndani ya ufizi, na kuving'oa huleta maambukizi yanayoweza kuua, tena huharibu meno ya ukubwani. Vilevile meno ya utoto yasing'olewe kabla ya wakati bila sababu, kwani ndiyo yanayoyawekea nafasi yale ya kudumu. Chama cha madaktari wa kunyoosha meno cha Marekani hushauri mtoto akaguliwe afikapo umri wa miaka 7, kwa kuwa taya linalokua huelekezwa kwa urahisi kuliko lililokomaa. Na mwanya? Mwanya usiokusumbua si ugonjwa. Mama yetu aliposikia hivyo alitabasamu kwa ushindi.

Mwisho wa kisa ni huu. Fomu ilijazwa. Mpwa wangu aliandika njia ya sayansi kwa mkono wake, nami nikiwa nimeketi kando. Kabla hajaandika nilimwomba radhi kwa niliyomwambia Mwea. Kwetu si kawaida mjomba kumwomba mtoto radhi, na dada alijifanya anapepeta unga ili asituangalie. Mtoto alisema tu, "Nimesamehe, mjomba. Lakini kemia utanisaidia nani?" Nikamwambia tutamtafuta anayeijua, kwa sababu mimi si mtu wa kuulizwa kemia.

Hivi sasa yuko sekondari pevu. Meno yake bado hayajanyooka. Nyanya, dada na mimi tumeanzisha chama kidogo cha kila mwisho wa mwezi, na mwendo wake ni kama ule wa jino, wa milimita. Matokeo ya kwanza ya kemia hayakuwa ya kujivunia, ya pili yalipanda. Sijui kama atafika ngazi ya nne. Lakini juzi nilipokwenda Majengo nilimkuta uani akimweleza mwenzake jinsi mfupa unavyoliwa upande mmoja na kuota upande wa pili. Alikuwa akitumia mikono yote miwili kuonyesha, na mtandio ulikuwa umemteleza mabegani bila yeye kuushughulikia.

Basi msomaji wangu, mtoto akikuuliza swali ambalo hulijui, mwambie hulijui, kisha mwende mkaulize pamoja.